Jiwe la Kerio na asidi iitwayo dhaifu

Mwanafunzi wa sekondari akitakiwa kutaja asidi kali, hatakawia kutaja asidi ya salfuriki, ya nitriki na ya haidrokloriki. Akitakiwa kutaja zilizo dhaifu, atataja siki na maji ya ndimu. Ni wachache watakaokumbuka kwamba katika orodha hiyo ya pili, karibu na siki ya jikoni, vitabu vya kemia huiweka pia asidi ya haidrofloriki, ambayo hula kioo, hupenya ngozi, na huweza kumuua mtu hata ikimgusa sehemu ndogo ya mwili. Wahenga walinena kuwa simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Ningependa leo, ndugu msomaji, tumtazame simba huyo kwa makini, na sababu zangu ni mbili. Kwanza, neno hilo "dhaifu" likifundishwa bila maelezo huweza kumponza mtu. Pili, jiwe ambalo asidi hiyo hutolewa kwalo limechimbwa humu nchini mwetu, katika Bonde la Kerio, kwa zaidi ya miaka 40. Muda wote huo tulilipakia melini kulipeleka ng'ambo, na wengi wetu, wasomi na wasio wasomi, hatukupata kuuliza lilikuwa likienda kufanya nini.

Jiwe hilo huitwa floraspa. Ni muungano wa elementi mbili: kalsiamu, ambayo ndiyo nguzo ya mifupa na meno yetu, na florini, elementi yenye pupa kuliko zote katika kunyakua elektroni za wenzake. Huonekana kwa rangi nyingi, zikiwamo zambarau, kijani na manjano, na jingine huwa halina rangi kabisa. Jina lake limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kutiririka, kwani wafua chuma wa Ulaya walikuwa wakilitia katika tanuri ili takataka za madini ziyeyuke upesi. Georgius Agricola wa Ujerumani aliandika habari za matumizi hayo katika karne ya 16.

Hapa Kenya, floraspa iligunduliwa Bonde la Kerio mwaka 1967, na uchimbaji ukaanza mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Kimwarer, chini ya ukingo wa Elgeyo. Jiwe lilipondwa na kusagwa hadi likawa unga, kisha unga huo ukachanganywa na maji na dawa na kupulizwa hewa, ili chembe za floraspa zipande juu pamoja na povu na kuuacha mchanga chini. Unga uliopatikana ulikaushwa, ukapandishwa ukingo wa bonde na kusafirishwa hadi bandari ya Mombasa.

Unga huo ulitakiwa uwe na floraspa isiyopungua asilimia 97. Mwalimu wa kemia ana somo zima katika tarakimu hiyo. Adui mkubwa wa floraspa ni silika, yaani kitu kile kile kinachofanya mchanga na kioo. Asidi ya haidrofloriki ikikutana na silika, huila na kuigeuza kuwa gesi. Kwa hiyo kila chembe ya mchanga iliyosalia katika unga huila sehemu ya asidi kabla mwenye kiwanda hajaipata. Mnunuzi wa ng'ambo hakudai usafi kwa ajili ya urembo wa macho, bali alikuwa akiilinda mali yake.

Je, asidi yenyewe hutengenezwaje? Mnamo 1771, Carl Wilhelm Scheele, mwanakemia wa Sweden, alipasha moto floraspa pamoja na asidi ya salfuriki, akaona chombo chake cha kioo kikiliwa na mvuke uliotoka. Miaka zaidi ya 250 imepita, na njia ya viwandani ingali ile ile. Floraspa na asidi ya salfuriki iliyokolea hutiwa katika tanuri refu la chuma, mfano wa pipa lililolazwa, linalozunguka polepole na kupashwa moto wa nyuzi 200 na zaidi. Mmenyuko huu hauna moto wake wenyewe. Usipopewa joto kutoka nje, huzorota. Gesi ya haidrojeni floridi hutoka upande mmoja, ikasafishwa, ikapozwa hadi kuwa kioevu, kisha ikachemshwa tena kuondoa uchafu. Upande wa pili hutoka unga mkavu wa salfeti ya kalsiamu, jamii ya jasi.

Hebu mwanafunzi achukue kalamu na kupiga hesabu. Kwa uzito wa molekuli, tani 78 za floraspa huhitaji tani 98 za asidi ya salfuriki, nazo huzaa tani 40 tu za haidrojeni floridi na tani 136 za salfeti ya kalsiamu. Maana yake ni kwamba kila tani moja ya bidhaa huacha nyuma yake karibu tani tatu na nusu za masalio. Masalio hayo yana faida yakipata mnunuzi, hasa katika saruji na sakafu, lakini yasipompata hugeuka mlima. Hesabu hii ni fupi, inatosha ubao mmoja, na tutairejea baadaye.

Tugeukie sasa tabia za kitu hiki. Ndugu zake katika jamii ya halojeni wanafuata utaratibu unaoeleweka. Haidrojeni iodidi huchemka katika nyuzi 35 za Selsiasi chini ya sufuri, haidrojeni bromidi katika nyuzi 67 chini ya sufuri, na haidrojeni kloridi katika nyuzi 85 chini ya sufuri. Kadiri molekuli inavyopungua uzito ndivyo inavyochemka katika baridi zaidi. Anayefuata ngazi hiyo atakisia kwamba haidrojeni floridi, iliyo nyepesi kuliko zote, ichemke katika baridi kubwa zaidi ya hiyo. Kumbe sivyo. Huchemka katika nyuzi 19 na nusu juu ya sufuri. Asubuhi ya baridi ya Julai huko Limuru ingekuwa kioevu katika chombo chake. Mchana wa Mombasa ingekuwa gesi.

Sababu ni kwamba molekuli zake hushikana mikono. Florini huvuta elektroni upande wake kwa nguvu nyingi, hata haidrojeni ikabaki kama iliyovuliwa nguo, nayo hutafuta stara kwa florini ya molekuli jirani. Ndivyo zinavyofuatana mnyororo mrefu, na kuzitenganisha kunahitaji joto jingi. Ni nguvu iyo hiyo inayoyafanya maji yawe kioevu mitoni badala ya kuwa gesi angani. Mwalimu anayetafuta mfano wa kuimarisha somo la muungano wa haidrojeni hana haja ya kwenda mbali.

Kuhusu udhaifu wake, ni muhimu tuelewane. Katika lugha ya kemia, asidi hupewa ukali au udhaifu kwa jambo moja tu: ni molekuli ngapi zinazoachilia haidrojeni yao ndani ya maji. Asidi ya haidrokloriki huziachilia takriban zote. Ya haidrofloriki, ikiwa na nguvu ya moli 1 kwa lita, huachilia molekuli zisizozidi 3 katika kila 100, kwa kuwa haidrojeni na florini zimefungamana kwa kifungo kigumu mno. Basi neno "dhaifu" ni kipimo cha mgawanyiko wa molekuli majini. Halisemi lolote juu ya usalama wa mtu.

Tena, udhaifu huo ndio unaoizidishia hatari. Molekuli isiyogawanyika haina chaji ya umeme, na isiyo na chaji hupenya ngozi na mafuta ya mwili kwa urahisi. Asidi kali huunguza juu juu, na uchungu wake humfanya mtu aruke na kukimbilia maji. Hii ya haidrofloriki, ikiwa imezimuliwa, huingia kimya kimya. Maumivu yaweza kuchelewa kwa saa kadhaa, hata siku nzima, ilhali floridi inashuka kuelekea mfupani. Huko huikuta kalsiamu na kushikamana nayo. Kalsiamu ya damu ikipungua, moyo hupoteza mdundo wake, na mtu aweza kufa kwa jeraha ambalo mwanzoni halikutisha.

Hapa, msomaji, utaona jambo ambalo vitabu vyetu hulipita kwa haraka. Katika jiwe, florini ilikuwa imetulia mikononi mwa kalsiamu. Asidi ya salfuriki na moto wa tanuri viliwatenganisha kwa nguvu. Florini ikipata nafasi tena, hurudi kuitafuta kalsiamu popote ilipo, hata kama ipo katika damu ya mfanyakazi. Ndiyo maana tiba yake, baada ya kuosha kwa maji mengi bila kukawia, ni dawa ya kupaka ya glukoneti ya kalsiamu, huku mgonjwa akikimbizwa hospitali. Daktari huipa florini kalsiamu nyingine ili iiache ya mgonjwa. Mwenye kuielewa kemia ya jiwe ameshaielewa na tiba.

Wataalamu wa zamani waliijifunza tabia hiyo kwa gharama kubwa. Humphry Davy wa Uingereza aliumizwa na mvuke wake. Ndugu wawili wa Ireland, George na Thomas Knox, waliumia vibaya. Paulin Louyet wa Ubelgiji na Jérôme Nicklès wa Ufaransa walifariki katika juhudi za kuitafuta florini. Ni Henri Moissan aliyefaulu kuitenga mjini Paris tarehe 26 Juni 1886, kwa kupitisha umeme katika haidrojeni floridi iliyochanganywa na chumvi ya potasiamu. Chombo chake kilikuwa cha platini na vizibo vyake vya floraspa yenyewe, kwa kuwa kioo kisingedumu. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1906, akafariki mwaka uliofuata.

Je, dunia ya leo inakitakia nini kitu cha namna hii? Inakitaka kwa sababu karibu kila bidhaa yenye florini huanzia kwake. Gesi za majokofu na za vipoza hewa hutokana nacho. Zile za awali zilipoonekana kuharibu tabaka la ozoni, mataifa yaliafikiana Montreal mwaka 1987 kuziondoa. Na warithi wake walipoonekana kuongeza joto duniani, mapatano mengine yalifanyika hapa jirani, Kigali, mwaka 2016, ya kuzipunguza. Plastiki inayozuia chakula kushika kikaangoni hutokana nacho. Viyeyusho vinavyotumika kutoa alumini hutokana nacho. Urani hugeuzwa gesi kwa florini kabla ya kurutubishwa. Baadhi ya viwanda vya kusafisha mafuta hukitumia kutengeneza petroli bora. Dawa nyingi za hospitali zina florini ndani yake. Na katika utengenezaji wa vijipande vya silikoni vinavyoendesha kompyuta na simu, ni asidi hii inayosafisha na kuchonga tabaka la silika.

Thamani hiyo ilidhihirika Julai 2019, Japani ilipobana uuzaji wa bidhaa tatu kwa Korea Kusini, mojawapo ikiwa haidrojeni floridi safi. Taifa lenye viwanda vikubwa vya elektroniki lilitikisika kwa sababu ya asidi ambayo mtahiniwa wetu huiandika "dhaifu" na kupata alama yake. Kizuizi hicho kiliondolewa mwaka 2023, lakini funzo lilibaki kwamba nguvu ya taifa katika jambo hili hutokana na ujuzi wa kulisafisha jiwe hadi ngazi ya mwisho, wala si kuwa nalo tu ardhini.

Tangu uchimbaji wa Kerio uliposimama mwaka 2016, swali la mustakabali wa jiwe letu limerudi mara kwa mara, na kila linaporudi hutokea mtu akauliza: mbona tusitengeneze asidi hapa hapa, tupate faida wanayopata wengine? Swali ni la haki, tena la kizalendo. Hata hivyo, naona tunaliuliza kabla ya kujitayarisha kulijibu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hebu tulifungue daftari.

Ukurasa wa kwanza ni wa ile hesabu ya ubaoni. Kila tani 78 za floraspa zinadai tani 98 za asidi ya salfuriki. Asidi hiyo imewahi kutengenezwa Thika, lakini je, ingetosha, na ingefikishwaje bondeni? Pale panapotoka tani 40 za bidhaa patabaki tani 136 za masalio. Yatauzwa kwa kiwanda gani cha saruji, au yatamwagwa juu ya mto upi?

Ukurasa wa pili ni wa soko. Haidrojeni floridi si mahindi ya kuweka ghalani yakisubiri bei. Ni sumu inayochemka katika joto la chumba, nayo haifai kukaa wala kusafirishwa mbali bila mitambo na watu wa kuaminika. Kwa hiyo hupenda kuwa karibu na mnunuzi wake. Nchi isiyo na kiwanda cha alumini, wala cha gesi za majokofu, wala cha silikoni, itamuuzia nani asidi hiyo? Huenda jibu likapatikana katika kutengeneza papo hapo bidhaa iliyo tulivu zaidi, kama floridi ya alumini, ambayo ni unga na husafirika. Lakini jibu la aina hiyo hulitoa mwanakemia, wala halitolewi jukwaani kwa makofi.

Ukurasa wa tatu ni wa jirani wa kiwanda. Tarehe 30 Oktoba 1987, huko Texas City nchini Marekani, mzigo mzito ulidondoka kutoka kwa kreni ukavunja mabomba ya tangi la haidrojeni floridi. Maelfu ya wakazi walihamishwa makwao, na takriban watu 1,000 wakaenda hospitalini. Mnamo 27 Septemba 2012, mjini Gumi nchini Korea Kusini, gesi hiyo ilifumuka wakati wa kuihamisha kutoka tangi. Watu watano walikufa, maelfu wakatibiwa, na mashamba ya jirani yakanyauka. Hizo ni nchi zenye wazima moto, maabara na hospitali za kutosha. Sisi tuna zahanati ngapi bondeni zenye glukoneti ya kalsiamu kabatini?

Wakazi wa Kerio, kwa upande wao, wana daftari lao. Kwa miaka mingi wamelalamikia fidia ya ardhi waliyoiacha ili mgodi upate nafasi. Mtu ambaye hajaridhika na malipo ya ardhi ya juzi ana haki ya kuuliza maswali magumu kuhusu tanuri la kesho. Na atayaulizaje ikiwa hakuna aliyemfundisha jiwe lake lina nini?

Sisemi kiwanda kisijengwe. Asemaye hivyo atakuwa ametuhukumu kuwa wachimbaji na wabebaji wa daima. Nisemalo ni kwamba utaratibu una mwanzo wake, na mwanzo wake ni darasani. Ni aibu kwamba mtoto wa Keiyo huweza kumaliza kidato cha nne akijua namna chuma kinavyoyeyushwa Ulaya, asijue floraspa ya kwao inageukaje kuwa asidi. Mwalimu asithubutu kuitengeneza asidi hii katika maabara ya shule. Hilo lieleweke bila utata. Lakini hesabu za uzito hazichomi mtu. Michoro ya tanuri haichomi mtu. Tarakimu za kiwango cha kuchemka zinaandikika kwa chaki. Mwalimu wa jiografia aweza kuonyesha njia ya jiwe kutoka Kimwarer hadi Mombasa, yule wa kemia akaonyesha njia yake tanurini, na yule wa biolojia akaonyesha njia ya floridi mwilini.

Wala somo hili halikomei mgodini. Elementi ile ile iko katika maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa, na imewapaka watu wetu rangi ya kahawia menoni. Palipozidi sana imewapinda mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floridi kwa lita ya maji ya kunywa, na visima kadhaa vyetu vinakivuka mbali. Huko Nakuru maji ya namna hiyo yamekuwa yakichujwa kwa makaa ya mifupa ya ng'ombe. Kwa nini mifupa? Kwa sababu ina kalsiamu, na floridi huishika. Mambo matatu yanayoonekana mbalimbali, yaani jiwe la Kerio, jeraha la mfanyakazi wa kiwandani na chujio la Nakuru, yanaelezwa kwa kanuni moja. Mwanafunzi aliyeikamata kanuni hiyo amepata elimu. Aliyekariri orodha ya asidi kali na dhaifu amepata alama.

Ombi langu kwa walimu ni dogo. Mtakapofika katika sura ya asidi, msiliache neno "dhaifu" lipite bila kulihoji. Kwa watunga mitihani, naomba swali moja la floraspa, lenye tani 78 na tani 98, liulizwe kwa watoto wote wa nchi hii. Na kwa wale watakaoketi mezani na mwekezaji yeyote wa Kerio, wa sasa au wa baadaye, naomba waingie chumbani wakiwa na mwanakemia wao, ajuaye tani ngapi zitaingia, ngapi zitatoka, na ngapi zitabaki juu ya ardhi ya wenyewe.